Likizo Arua na Koboko: Mgeni Mwema Huenda Kujifunza

Likizo ya askari ni fupi, na aghalabu hupatikana baada ya kungojewa sana. Karatasi ikishatiwa sahihi na mkuu wa kikosi, jambo la kwanza linalojadiliwa nyumbani ni mahali pa kuzitumia siku hizo. Wako wanaozimaliza kambini, wakilala na kusikiliza redio. Wako wanaokwenda mjini kununua starehe ambayo kulipokucha huwa imekwisha pamoja na mshahara. Na wako wanaofunga mizigo, wakawachukua mama na watoto, wakaenda mahali ambapo watoto hao hawajapata kupaona. Makala ya juma hili yanawahusu hawa wa mwisho, hasa wale ambao safari yao inaelekea West Nile, katika Arua na Koboko.

Jambo hili si la starehe peke yake. Nyumba ya kambini ni mali ya serikali. Siku baba anapostaafu, au siku anapoaga dunia kabla ya kustaafu, ufunguo hurudishwa na familia hutakiwa kuhama. Mama aliyeolewa kutoka sehemu nyingine ya nchi, ambaye hajalala hata usiku mmoja kwa wakwe zake, huenda siku hiyo akafika kama mtu wa kupita njia, akiwa na watoto wasioweza kumwamkia babu yao kwa lugha ya nyumbani kwake. Kiwanja kipo na shamba lipo, lakini hakuna anayemtambua. Likizo za miaka iliyotangulia ndizo zinazozuia shida hiyo. Kwa hiyo familia inayokwenda Arua au Koboko kwa majuma mawili yafaa iende kwa moyo wa mwanafunzi, wala si kwa moyo wa tajiri aliyekuja kutazamwa.

NJIANI

Kutoka Kampala hadi Arua ni mwendo wa kilomita zinazokaribia 500. Gari huelekea kaskazini, huuvuka mto Nile katika daraja la Karuma, kisha hupinda magharibi kandokando ya mbuga ya Murchison hadi Pakwach, ambako Nile huvukwa mara ya pili. Wazazi wasiwaache watoto wasinzie katika sehemu hii, kwa maana si ajabu kuwaona tembo karibu na barabara. Ukishalivuka daraja la Pakwach umekwisha kuingia West Nile. Kutoka hapo barabara hupanda kuelekea Nebbi, hewa hupoa kidogo, na hatimaye Arua huonekana.

Watoto waelezwe wanapopita. Nchi hii iliwahi kuwa sehemu ya eneo lililoitwa Lado, ambalo mwaka 1894 lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mfalme huyo alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata eneo likarudishwa chini ya Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini, ndiyo West Nile, ikatiwa katika Uganda, na Arua ikafanywa makao ya serikali ya wilaya. Mji huo ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Anayeifahamu historia hii hatashangaa kuwakuta Walugbara upande wa Uganda na Walugbara upande wa Kongo, au kuwakuta Wakakwa katika nchi tatu. Mipaka ilipigwa juu ya watu waliokuwapo tayari.

SALAMU NA MAJINA

Mgeni anayejua Kiswahili hatapotea Arua. Lugha hii imeenea huko kwa sababu ya jeshi, ambalo tangu zama za King's African Rifles liliandikisha vijana wengi wa West Nile, na pia kwa sababu ya biashara na Kongo. Hata hivyo, Kiswahili hufungua mlango wa duka, na lugha ya nyumbani hufungua mlango wa jiko. Mtoto akifundishwa njiani kusema "Mi ngoni?", yaani hujambo, na kuitikia "Muke", yaani vyema, atakuwa amempa bibi yake zawadi kubwa kuliko sukari. Aongezewe neno "Awa'difo", ambalo ni asante, na safari itakuwa imeanza vizuri.

Baada ya salamu, yafaa kuuliza maana ya majina. Kwa Walugbara jina la mtoto huwa ni habari ya nyumba aliyozaliwa. Candia kwa mwanamume na Candiru kwa mwanamke ni majina yatokanayo na taabu: mama alizaa katika siku ngumu. Ayiko na Ayikoru ni majina ya furaha. Mtoto wa kambini anayeitwa kwa jina la shangazi yake asiyemjua akiketi na kuelezwa taabu ile ilikuwa taabu gani, na nani aliivumilia, atakuwa amesoma historia ya ukoo wake bila kufungua daftari.

Vivyo hivyo kwa milima. Wazee wa Kilugbara husimulia habari za mashujaa wawili wa kale, Jaki na Dribidu, ambao wana wao ndio walioanzisha koo. Dribidu hutajwa pamoja na mlima Wati, ulioko Terego, na Jaki hutajwa pamoja na mlima Liru, upande wa Koboko. Kuupanda mlima Wati pamoja na kijana mwenyeji ni matembezi ya siku nzima yasiyo na gharama kubwa, lakini asiyeisikia kwanza hadithi yake atakuwa amepanda mawe tu.

JIKONI

Mama mgeni asikae sebuleni akingoja kuandaliwa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Arua na Koboko jembe hilo laweza kuwa mwiko.

Chakula kikuu ni ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama, ambao Walugbara huuita enyasa. Ni mweusi kidogo, hushikana sana, na humkalia mtu tumboni hadi jioni. Kwa kuanza, mama apime vikombe viwili vya unga wa muhogo kwa kimoja cha ulezi, achemshe maji, atie unga kidogo kidogo, kisha asonge kwa nguvu hadi mabonge yote yaishe. Unga uwe wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri, kwa sababu muhogo mchungu usiotayarishwa vyema una sumu.

Mboga inayopendana na ugali huo ni majani ya kunde, ambayo huko huitwa osubi. Majani huchambuliwa, huoshwa na kuchemshwa katika chungu kisichofunikwa, pamoja na maji ya majivu yaliyochujwa ili yalainike upesi. Yakishalainika hutiwa karanga au ufuta uliosagwa na kukorogwa kwa maji ya uvuguvugu, huongezwa chumvi, na kuachwa juu ya moto mdogo hadi yawe mazito. Asipande moto mkali, kwani karanga hushika chini. Siku ya karamu hupatikana samaki wa Nile aitwaye angara, aliyekaushwa kwa chumvi au kwa moshi. Mvua zikinyesha, kumbikumbi hukusanywa na kukaangwa, na mtoto wa mjini anayewakunjia uso siku ya kwanza aghalabu huwagombania siku ya tatu.

Wakati wa kurudi, mama anaweza kufunga katika mzigo wake asali ya West Nile, ufuta, mafuta ya shea na kitenge kimoja kutoka soko la Arua, ambako vitambaa vingi huletwa kutoka upande wa Kongo. Vitu hivi havina thamani ya kujionyesha, lakini humpa sababu ya kupika tena kambini yale aliyofundishwa.

NGOMA NI YA KUCHEZWA

Jioni na siku za sherehe, hasa katika kiangazi cha Desemba hadi Februari wakati kazi za shamba zimepungua, husikika ngoma. West Nile ina utajiri mkubwa wa ala. Waalur wanasifika kwa adungu, kinubi chenye shingo iliyopindika na nyuzi za kukwanyuliwa. Iko agwara, mapembe marefu ya kupulizwa kwa ubavu, ambayo kila moja hutoa sauti yake na yote pamoja hufanya wimbo mmoja. Mpulizaji mmoja akikosekana, wimbo una pengo.

Hapa ndipo wageni wengi wa likizo hukosea. Huketi juu ya viti, hutoa fedha, hupiga picha, hupiga makofi, kisha huondoka. Wametazama, lakini hawakujifunza kitu.

Yafaa kutoa mfano kutoka nchi ya mbali. Hungaria, iliyo katikati ya Ulaya, huwavutia wageni wa likizo kwa mabafu yake ya maji moto yatokayo ardhini na kwa ziwa Balaton, ambalo lina urefu wa kilomita 77. Lakini nchi hiyo ilikuwa na shida ambayo watu wa Afrika Mashariki wanaifahamu. Nyimbo za vijijini zilikwisha kukusanywa na wataalamu tangu mwanzo wa karne ya 20, wakiwamo watunzi mashuhuri Béla Bartók na Zoltán Kodály. Ngoma nazo zilichezwa majukwaani na vikundi vilivyofunzwa, na watu wa mjini wakakaa kutazama. Mwaka 1972 vijana wa mji mkuu, Budapest, waliona kwamba hilo halitoshi. Wakaanzisha jioni za kucheza zilizoitwa táncház, maana yake nyumba ya ngoma, wakifuata desturi ya vijiji kama Szék, mahali pa wasemao Kihungaria ndani ya mipaka ya Romania. Walikwenda kwa wazee, wakajifunza hatua na namna ya kupiga fidla, wakarudi mjini kuwafundisha wenzao. Katika nyumba ya ngoma hakuna jukwaa. Wapigaji wapo mbele ya watu, mwalimu huonyesha hatua, na mgeni aliyeingia jioni ile ile hushikwa mkono na kuingizwa katika duara. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliitambua njia hiyo kuwa mfano mwema wa kuhifadhi utamaduni.

Somo kutoka Hungaria ni jepesi kulifuata. Ngoma huhifadhiwa na miguu inayoicheza. Na West Nile inalihitaji somo hilo kwa haraka. Mwaka 2016 UNESCO iliandika muziki na ngoma ya zeze la bakuli la Wamadi, ambao ni majirani wa Walugbara upande wa Moyo na Adjumani, katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa upesi. Sababu ni kwamba wanaojua kuitengeneza na kuipiga ala hiyo ni wachache, na wengi wao ni wazee. Ala iliyotumika kupatanisha waliogombana na kuwafunza watoto historia ya koo zao inaweza kunyamaza katika maisha ya kizazi kimoja.

Kwa hiyo mzazi aliye likizoni amwombe mzee mmoja, kwa heshima na kwa zawadi ndogo, awafundishe watoto wimbo mmoja na hatua zake. Mmoja unatosha kwa likizo moja. Mwaka ujao watajifunza wa pili.

Vijana wapendao michezo nao hawatakosa la kutazama. Arua ni mji wa mpira. Klabu ya Onduparaka, iliyoundwa mwaka 2011, ilipanda katika ligi kuu ya Uganda mwaka 2016, na mashabiki wake wakajulikana nchini kote kwa shangwe zao.

KOBOKO NA MPAKA

Kutoka Arua hadi Koboko ni safari fupi siku hizi, kwa kuwa barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imetiwa lami. Katikati ya safari ni Maracha, nchi ya vilima na mawe, ambako wapenda matembezi huenda kutazama maporomoko ya Miradua.

Koboko ni nyumbani kwa Wakakwa, na lugha yao ni ndugu ya Kibari cha Sudan Kusini. Mgeni aliyejifunza salamu za Kilugbara Arua asifikiri zitamfikisha kila mahali. Hapa aulize upya. Mji ni wa biashara, na katika mtaa mmoja mtu huweza kusikia Kikakwa, Kilugbara, Kiswahili, Kilingala na Kiarabu cha Juba. Sehemu iitwayo Salia Musala ndipo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Wageni hupenda kwenda huko ili waweze kusema wamesimama mahali pa nchi tatu. Hakuna ubaya, lakini mtumishi wa vyombo vya ulinzi aombe kwanza ushauri wa wakuu wa mahali, asivuke mpaka bila hati, wala asipige picha za vituo. Likizo haimwondolei askari wajibu wake.

Katika Arua na Koboko wapo pia Wanubi, na habari zao zinazihusu familia za kambini kuliko zote. Vita vya Mahdi vilipolikata jimbo la Ikweta na Khartoum, gavana wake Emin Pasha alihamishia makao yake Wadelai, kando ya Nile, mwaka 1885. Yeye aliondoka mwaka 1889, lakini askari wake wengi walibaki na wake zao na watoto wao, hadi Kapteni Lugard alipowaandikisha mwaka 1891. Askari hao walitoka katika makabila mbalimbali. Kambi ndiyo iliyowaunganisha. Kutokana na maisha hayo ikazaliwa lugha, Kinubi, iliyotokana na Kiarabu; wakazaliwa wafumaji hodari wa mikeka na vikapu vya rangi; likazaliwa vazi la gurbaba na ngoma ya doluka. Familia za kambini hazikosi utamaduni kwa sababu ya kuishi kambini. Huukosa pale zinapoacha kufundishana. Mama wa kambini akiketi alasiri moja na mama wa Kinubi ili ajifunze kufuma ukingo wa mkeka, ataliona jambo hilo mikononi mwake.

KIMYA CHA WAZEE

Liko jambo moja ambalo mgeni mwenye kazi ya bunduki hana budi kulijua. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vita viliirudia West Nile mwaka 1980, na watu wengi sana walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliojificha katika misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa kwa wingi na askari wa serikali ya wakati ule. Wengine walikaa ukimbizini miaka mingi kabla ya kurudi. Amani na kikundi cha UNRF II ilitiwa sahihi Yumbe mnamo Desemba 2002.

Ndiyo maana mzee anayecheka vizuri jioni nzima huweza kunyamaza ghafla anapoona sare. Mgeni asimlazimishe kusema, wala asibishane naye. Aiache sare kambini, akae chini kuliko mzee, asikilize. Na akiona wakimbizi wa Kongo katika makazi ya Lobule, Koboko, au wale wa Sudan Kusini katika makazi ya Rhino Camp, akumbuke kwamba wenyeji wanaowapa ardhi waliwahi kuwa wakimbizi kwa majirani hao hao. Ukarimu huo una kumbukumbu ndani yake, na watoto wanapaswa kuelezwa hivyo.

NASAHA KWA FAMILIA

Kabla ya kusafiri, baba apeleke habari mapema, kwa kuwa kufika ghafla na watu sita ni kumtwisha mwenyeji mzigo. Mizigo iwe na sabuni, chumvi, sukari na majani ya chai, kwani mkono mtupu haulambwi. Watoto wachukuliwe pamoja na vyandarua vyao.

Wakifika, baba awatangulize mke na watoto kwa wazee kabla ya kuwatafuta marafiki wa zamani. Wako wanaume ambao hulimaliza juma la kwanza kwenye kwete na la pili kwenye waragi, na mama akarudi kambini akiwa hajui hata mpaka wa shamba la mumewe. Mama aonyeshwe shamba hilo kwa miguu, mbele ya shemeji na majirani, na watoto wakiwapo. Hilo ni jambo la saa mbili tu, nalo huzuia kesi za miaka ishirini.

Mtoto mkubwa apewe daftari. Aandike majina ya babu na babu wa babu, maana zake, jina la kilima, jina la kijito, na maneno thelathini ya lugha ya nyumbani. Daftari hilo liwekwe mahali pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa.

Siku ya kuondoka, familia isitoke kimya kimya alfajiri. Iage kila nyumba iliyoipa chakula, na itaje mwezi inaotarajia kurudi. Mama mkwe akisikia mwezi huo ukitajwa na mtoto kwa lugha yake mwenyewe, atauhesabu.